Tete Lisilokauka

Chubwi!

Sauti moja tu, katikati ya usiku, kisha kimya. Ilikuwa sauti ya kitu kikitumbukia kwenye maji ya kina, na hilo ndilo lililomtoa usingizini mama wa nyumba ile, kwa sababu nyumba yao haikuwa na maji ya kina. Kulikuwa na ndoo bafuni, zimefunikwa. Kulikuwa na sufuria jikoni, imepinduliwa. Basi.

"Umesikia?" akamnong'oneza mumewe.

"Friji," mume akajibu, uso kwenye mto. "Friji ikizeeka inacheua."

"Haikuwa friji."

"Mke wangu, fundi friji ni nani humu ndani? Lala."

Hakulala. Alipita ukumbini miguu mitupu mpaka mlangoni pa chumba cha binti yao. Mtoto alikuwa amelala chali, mdomo wazi, midomo imepasuka kama tope la kiangazi. Chumba kilinuka matope. Mama akafunga dirisha, akidhani harufu inatoka nje. Alipolifunga, harufu ikazidi.

Alikuwa mtaalamu wa mimea chuoni, na mwaka ule alipewa kazi ya kutambua matete ya maziwa na mabwawa yote ya wilaya, kwa sababu aina moja ilikuwa ikivamia na kuifukuza nyingine. Wanafunzi walimwita Mama Matete, mbele yake na nyuma yake. Kazi yenyewe haina maajabu. Unavaa buti za mpira, unaingia topeni, unakata tete moja lenye kichwa, unaandika limetoka bwawa gani. Kichwa cha tete kina sehemu mbili kwenye ubua mmoja: juu ni sehemu ya kiume, yenye chavua, chini ni sehemu ya kike, ile nene ya kahawia ambayo watoto huiita soseji. Kwa tete pana, sehemu hizo zimegusana. Kwa tete jembamba, kati yake kuna pengo la upana wa kidole, ubua mtupu. Unaangalia pengo, umemaliza.

"Ama hivi, ama vile," aliwafundisha wanafunzi wake. "Jani ni pana ama ni jembamba? Kuna pengo ama hakuna? Kila jibu linafunga mlango mmoja na kufungua mwingine, mpaka mlango wa mwisho. Nyuma ya mlango wa mwisho kuna jina. Na jina usilitoe mpaka uwe na hakika, kwa sababu ukikosea, kosa lako litanakiliwa vitabuni na wajukuu zako watalisoma."

Tete la bwawa la machimboni, alilolikata mchana uliotangulia usiku ule, lilimkataa. Alipolikata lilikuwa na pengo. Alipolifikisha nyumbani halikuwa nalo. Akajiambia macho yamechoka, au pengine ni chotara, maana matete nayo huoana hovyo.

Vibanio vya chuo vya kubania mimea vilikuwa vimejaa, na tanuri la kuikaushia lilikuwa limekufa; mumewe alikuwa akiahidi kulitengeneza "kesho" tangu mvua za mwaka jana. Kwa hiyo alifanya kama wafanyavyo wengi wa kazi ile wanapobanwa. Alilikunja tete ndani ya magazeti, akaliwekea maboksi juu na chini, akatafuta godoro la kulilalia. Godoro la chumba chao lilikuwa limekwisha, lina mabonde. La mtoto lilikuwa limenyooka kabisa. Akachagua la mtoto.

Hakumwambia mumewe tete lile limetoka bwawa gani. Binti yao wa kwanza alizama machimboni, kwenye lile shimo kubwa lililoachwa na wavunja mawe likajaa maji na matete. Huyu wa pili alikuwa bado tumboni. Tangu siku ya mazishi jina la marehemu halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Baba ndiye aliyeomba. "Nikilisikia sitasimama tena," alisema, na mama akakubali. Picha zilifungiwa. Mdogo alikua bila kujua kwamba aliwahi kuwa na dada. Mama, kwenye orodha yake ya mabwawa, aliliacha lile mpaka likabaki peke yake, na siku alipolifikia alijiambia kwamba amefuata matete tu.

Yule mdogo walimwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo. Alizungumza akila, alizungumza akioga, alizungumza akipiga mswaki, povu likiruka mpaka kwenye kioo. Asubuhi ile alikaa mezani kimya.

"Chiriku, leo redio haina betri?" baba akamtania.

"Kiu," mtoto akasema.

Akanywa kikombe. Akanywa kingine. Akalishika jagi kwa mikono miwili na kulimaliza bila kupumua, kisha akateremka kwenye kiti na kwenda zake, nao wakacheka, mpaka walipomkuta bafuni amepiga magoti, kichwa chote ndani ya ndoo.

"Hiyo ni minyoo," baba akasema, lakini hakuwa akicheka tena.

Mchana mama akaenda kubadilisha magazeti, kwa maana mmea unaokaushwa lazima ubadilishiwe magazeti kila siku. Yalikuwa yamelowa chapachapa. Tete lilikuwa bichi, zito, la kijani kibichi kama limekatwa dakika ile ile. Akaangalia kichwa: hakuna pengo. Akageuka kuchukua rula, akageuka tena: pengo la kidole. Akabaki pale ameinama, jua la saa sita likipiga ukutani, watoto wa jirani wakirukiana kamba nje, akaliona pengo likifunga polepole na kufunguka polepole, likifunga na kufunguka, kama kifua cha mtu aliyelala.

Mtu mwingine angelitupa. Yeye alibadilisha magazeti, akalirudisha chini ya godoro. Hakuwahi kuacha kitu bila kukitambua.

Kufika mwisho wa wiki Chiriku alikuwa hawezi kusimama. Ngozi ya mikono yake ilikuwa nyeupe na ngumu, na ukiishika ilitoa sauti ya karatasi. Walimpeleka hospitali, wakampima damu, wakampima mkojo uliokuwa haupatikani. Daktari, kijana mwenye macho ya kukesha, akawaita pembeni.

"Tumemwekea dripu tangu asubuhi," akasema kwa sauti ya chini. "Maji yanaingia, nayaona yakiingia. Naomba mmoja wenu aniambie yanakwenda wapi."

Wakamrudisha nyumbani, maana kitanda cha hospitali hakikumsaidia chochote isipokuwa kulowa. Mama akanyanyua godoro kutandika shuka safi, akalivuta furushi la magazeti, na lilikuwa jepesi. Akalifungua. Magazeti yalikuwa makavu, yanavunjika kama mkate wa kuokwa mara mbili. Tete halikuwamo. Palibaki doa la kahawia lenye umbo lake, majani na kichwa na yote.

"Njoo uone hapa," mumewe akamwita. Alikuwa amemvua mtoto nguo ili amfute. Mgongoni kwa Chiriku, kutoka kiunoni mpaka kisogoni, ilipita mistari mirefu ya kijani, sambamba, kama ya jani, na ilikuwa chini ya ngozi.

"Hii ni nini?" baba akauliza.

Mama akapitisha kidole juu ya mstari mmoja.

"Mama Chiriku. Lile jani lako ulilolibana humu, ulilitoa wapi?"

"Machimboni."

Baba alikaa sakafuni, taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani. "Ulienda pale," akasema. "Ukaingia kwenye maji yale. Ukaja nalo nyumbani, ukaliweka chini ya mtoto aliyebaki."

"Sikujua."

"Wewe! Wewe ambaye kazi yako ni kujua!"

Kisha akainuka, akampigia simu shangazi yake.

Shangazi aliuza mitumba sokoni na mdomo wake ulijulikana soko zima. Wachache zaidi walijua kwamba watu walimfuata nyumbani kwake usiku, kwa habari za majini na pepo. Alifika na kikapu chake, akasimama kizingitini, akanusa.

"Shikamoo, Shangazi," mama akasema.

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona nyumba inanuka kama chura aliyefiwa?"

Hakuna aliyecheka. Alipoingia chumbani na kumwona mtoto, naye aliacha utani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja kwenye paji la uso la Chiriku, akauliza kwa upole, "Wewe ni nani?"

Midomo ya mtoto haikutikisika. Sauti ilitoka chini zaidi, kwenye kifua, sauti yenye maji ndani yake.

"Niite."

"Nikuite nani?"

"Yeye anajua."

Na macho ya mtoto, bila kichwa kugeuka, yakasogea mpaka yakamfikia mama.

Shangazi akawavuta wote wawili mpaka jikoni, akafunga mlango, akafungua bomba ili mlio wa maji ufunike maneno.

"Nisikilizeni, na msiniulize mara mbili. Huyo si marehemu. Wafu hawarudi na kiu. Hilo ni jini la lile shimo. Mkwe wangu, siku mtoto wako alipozama, ulisimama ukingoni ukimwita jina, sivyo?"

"Mpaka sauti ilipokatika."

"Basi mle ndani ya matete kulikuwa na kitu kinasikiliza. Hakijawahi kuitwa na mtu hata siku moja, sembuse kuitwa vile. Tangu siku hiyo kinalitaka lile jina."

"Kama kililisikia, kwa nini kisilichukue tu?" baba akanong'ona.

"Jina haliibiki. Lazima litolewe na aliyelitoa mara ya kwanza. Nani alimpa mtoto jina?"

"Mimi," mama akasema.

"Basi funga huo mdomo. Ukiliita jini kwa jina lile limekuwa mwanao. Litakula kwenye meza yako, litakua, litakuzika. Wala usinitafute, kwa sababu nitamtoaje mtoto kwenye nyumba ya mama yake?"

"Na nisipoliita?"

"Litachoka. Litarudi majini."

"Litachoka lini, Shangazi?"

Shangazi alifunga bomba.

Walirudi chumbani. Shangazi aliweka makaa kwenye chetezo, akanyunyiza ubani, akaanza kunong'ona maneno yake, kwanza polepole kama mtu anayebembeleza, kisha haraka, kisha kwa ukali, akiliamuru litoke kwa mlango lilioingilia, na moshi ukapanda, na jua la alasiri likapita ndani ya moshi, na kwa muda chumba kilikuwa na harufu nzuri tu, mpaka makaa yalipoanza kufoka, moja baada ya jingine, kama yanatemewa mate, na ubani ukalowa ukawa uji, na kwenye kuta, kutoka darini mpaka sakafuni, maji membamba ya kijani yakateremka bila sauti, yakizunguka kitanda bila kukigusa, huku Shangazi, mwanamke aliyegombana na askari wa soko na kuwashinda, akirudi nyuma hatua kwa hatua, gauni lake likichuruzika.

Kisha yote yakakoma. Chiriku akafumbua macho, akajinyoosha.

"Mama, nina njaa. Kuna mkate? Nataka ule wa pembeni, ule mgumu. Mbona Shangazi amelowa? Shangazi, umeoga na nguo?"

Baba akamkumbatia, akalia kwa sauti. Chiriku akapiga domo kuhusu mwalimu, kuhusu paka wa jirani, kuhusu jino lake linalocheza, na baba akacheka na kulia kwa pamoja. Hata Shangazi alianza kukamua gauni lake na kusema, "Haya, haya, kumbe limeniogopa."

Mama alibaki amesimama mlangoni. Alitaka kuamini, Mungu anajua alivyotaka. Lakini mkono wa mtoto uliokuwa begani kwa baba ulikuwa bado mweupe, bado unatoa ile sauti ya karatasi, na kitu ndani yake kilianza kuuliza kwa mazoea, ama hivi, ama vile.

"Chiriku," akasema, "jino lako la mbele, lile la kwanza kung'oka, tulilipeleka wapi?"

"Hatukulipeleka. Nililimeza na mkate!"

"Na baba akitengeneza friji huwa anaimba wimbo gani?"

"Haimbi. Anatukana."

"Umeona?" baba akasema. "Ni yeye. Muache mtoto."

Majibu yote mawili yalikuwa sahihi, na ndipo mama alipoliona kosa lake, kosa ambalo angemsahihisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: mimea miwili inayofanana huitenganishi kwa mahali inapofanana. Alikuwa akiuliza mambo ambayo Chiriku anayajua, na kile kilichokuwa ndani ya Chiriku kilikuwa kinayajua yote. Alipaswa kuuliza jambo ambalo Chiriku halijui.

Akakaribia kitanda. Akapiga magoti ili macho yao yawe sawa.

"Mwanangu," akasema, "nyumba hii ina watoto wangapi?"

Chiriku wa kweli angecheka. Chiriku wa kweli angesema, mmoja tu, Mama, mimi.

Mtoto alimtazama. Gumzo likamwishia usoni kama maji yanavyoingia mchangani.

"Wawili," sauti ya kifuani ikasema. "Mmoja anakunywa, mmoja anakauka."

Baba akamwachia mtoto, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati. Shangazi akakishika kikapu chake kifuani.

"Niite," sauti ikasema. "Niite kama siku ile. Nami nitamwachia huyu mdogo anywe."

"Usiseme," baba akanong'ona. "Mke wangu, nakuomba. Jina la mwanangu usilipe lile jini."

"Mkwe, linakudanganya," Shangazi akasema, naye pia kwa kunong'ona. "Vumilia. Litachoka. Yamewahi kuchoka."

Mama aliushika mkono wa Chiriku, na ngozi ya kiganja ikabaki kwenye kiganja chake mwenyewe, kipande chembamba chenye mistari, kikavu kama gazeti la zamani, bila damu, kwa sababu hapakuwa na damu ya kutoka, na kutoka mbali sana, nyuma ya ile sauti ya maji, kama mtu anayeita kutoka upande wa pili wa bwawa, akaisikia sauti nyingine, ndogo, iliyokwaruza, ya binti yake anayemjua, ikisema "Mama, kiu," na kisha ikisema tena neno la kwanza tu, na la pili likashindwa kufika.

"Chiriku?" akaita. "Chiriku!"

Hakuna aliyeitika. Kifua cha mtoto kilishuka, na mama akangoja kiinuke tena, akangoja, akiyajua vizuri yote aliyoambiwa jikoni, akijua kwamba atakayeamka kesho na kesho kutwa ataketi mezani na kuomba chai, kwamba mumewe hatakitazama kiti hicho, wala yeye pengine, kwamba yule wa kwanza, ambaye hakubakiwa na kitu duniani isipokuwa jina, sasa hatakuwa nalo hata hilo, na kwamba hakuna atakayeweza kulirudisha, na kifua kilikuwa bado hakijapanda.

"Mama Chiriku, usi—" baba akaanza.

Akainama mpaka midomo yake ikagusa sikio la mtoto, na kwa sauti ileile aliyokuwa akimwitia chakula, akalitaja jina la mwanawe wa kwanza.